Choo cha Paka wa Mama Yako

Mwanangu Mwanaidi,

Nikuulize hali ya nini, na sauti yako naisikia hapo kwa Bi Mize? Unamuaga, naye anakucheka kwamba sanduku lako lina vitabu kuliko nguo. Kesho asubuhi gari litakuchukua Konde mpaka Wete, na Wete utapanda meli ya Unguja. Mimi nimekaa barazani na kalamu yako ya zamani. Herufi hizi nilijifunza kwenye madaftari uliyokwisha kuyajaza, kwa kuwa chuo nilichosoma kwetu Unyanyembe kilikuwa cha miaka miwili tu, kisha ikawa kazi, kisha safari, kisha kazi tena. Nivumilie. Mkono huu umezoea gunia.

Habari za sabuni, za kanga, za nani atakupokea bandarini, nimemwachia Bi Mize, naye amezisema mpaka kuku wamezijua. Mimi nina jambo moja. Uliniuliza mara mbili, na mara zote mbili niliinuka nikatoka nje. Ulitaka kujua kwa nini nilikukatalia kwenda kusomea ukunga, nikamwambia mwalimu wako mbele ya watu kwamba binti yangu hatakwenda kutazama uchafu wa wenzake. Kisha mwezi ulipopita, kwa nini nilikubali bila kusema neno. Leo nitakujibu. Lakini jibu lenyewe linapita tumboni mwa paka. Usicheke, maana ndiko lilikopita kweli.

Makonyo amelala juu ya mguu wangu ninapoandika. Unajua kwamba jina hilo alimpa mama yako, kwa sababu rangi yake ni ile ya makonyo ya karafuu yakishakauka, vile vijiti tunavyovitenga na karafuu zenyewe. Mama yako alimwokota ghalani, nyuma ya magunia, mdogo kama panya. Alimlea mwenyewe. Siku ya mwisho ya maisha yake hakuniambia neno kuhusu mimi. Aliniambia, "Mtazame mtoto. Na paka wangu asilale njaa." Nikasema sawa.

Ulikuwa na miaka minane. Nadhani hukumbuki kwamba uliacha kusema. Hukulia sana, hukugombana na mtu. Uliacha tu, kama mtu aliyeweka kitu chini akasahau alipokiweka. Ukitaka maji, ulishika kata. Ukisikia njaa, ulikaa karibu na jiko. Mchana kutwa ulikuwa umemkumbatia Makonyo, na yeye pekee ndiye uliyekuwa ukimnong'oneza. Nami nilikuwa nikisimama nyuma ya mlango nisikie sauti yako, nisisikie.

Basi nikajisemea, paka huyu hatakufa mikononi mwangu. Nikamlisha kama mgeni. Kwetu mgeni hapewi kibichi. Kibichi ni cha fisi. Na baba yangu, aliyekuwa na mbwa wa kuwindia, alikuwa akituonya kwamba mnyama wa nyumbani akionja damu atarudi porini, na kabla ya kurudi atamaliza mifugo ya jirani. Nikafikiria vifaranga wa Bi Mize. Kwa hiyo chakula cha khitma ya mama yako kilipobaki, nilimpa Makonyo wali wa nazi. Khitma ilipokwisha nikaendelea kumpikia. Wali wa nazi asubuhi, muhogo wa nazi jioni, mchuzi juu yake, na nikipata maziwa nilimchemshia maziwa. Mimi mwenyewe siku nyingine nililala na uji mtupu, paka akalalia tui la kwanza.

Hukuwahi kuona paka aliyeheshimiwa hivyo. Wala hukuwahi kuona paka aliyeharisha hivyo.

Naandika neno hili wazi, kwa kuwa unakokwenda utaliandika kila siku. Choo chake kilikuwa cha majimaji, cha manjano, mara nne au tano kwa siku, na harufu yake ilikuwa inashika kwenye nguo kama moshi. Tumbo lilimjaa upepo. Manyoya yakasimama, yakapoteza mwanga. Tena alikuwa na njaa wakati wote, anakula na kulia, analia na kula. Nami nikaona njaa ile nikamwongezea tui.

Sasa ukumbuke kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa natazama karafuu zinazoanikwa. Majamvi yanatandikwa uani, karafuu zinamwagwa juu yake, unazigeuza kwa miguu jua likiwaka, unazifunika mvua ikinukia. Paka anapenda kitu cha kufukua chenye joto. Kwa Makonyo, jamvi la karafuu lilikuwa mchanga ulioletwa kwa ajili yake. Mara ya kwanza nilisafisha nisionekane. Mara ya pili wachambuzi wa karafuu waliona wakanyamaza. Mara ya tatu aliyeona ni nokoa, msimamizi wa shamba.

Yule nokoa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa dini, mkavu, hataki ubishi. Aliniita mbele ya jamvi.

"Mnyamwezi, hiki nini?"

"Choo cha paka, Bwana."

"Na paka wa nani?"

"Wa marehemu mke wangu."

Kisha akasema, "Mungu amrehemu. Sikiliza. Paka si najisi, namtaka ghalani kwa ajili ya panya. Choo chake ndicho najisi. Na hiki ni cha maji. Kimepita karafuu, kimefika kwenye jamvi. Karafuu hizi zatupwa, jamvi hili laoshwa, na ni msimu. Nakupa siku saba. Akichafua tena, paka anaingia ndani ya kanda la ukili na kanda linakwenda mikokoni maji yakijaa."

Wewe ulikuwa umesimama pale, umemshika Makonyo kifuani. Ulinitazama mimi, hukumtazama nokoa. Mpaka leo nalikumbuka lile jicho. Lilikuwa linauliza kama na huyu nitamwacha aende.

Nikaenda kwa Bi Mize. Siku zile hakuwa Bi Mize unayemjua, aliye kama mama kwako. Alikuwa jirani tu, mtu wa Tumbe aliyeolewa huku Konde, ulimi wake mkali na kisu chake cha samaki mkali zaidi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Baba Mwanaidi," akasema kabla sijakaa, "paka wako ana nini? Harufu yafika mpaka huku kwangu, nnafunga mlango mchana."

"Ana tumbo."

"Wampa nini?"

"Wali wa nazi. Mchuzi. Maziwa nikipata."

Aliweka kifuu chini. "Wali wa nazi."

"Ndiyo."

"Na tambuu wampa akishakula? Na kahawa?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Yarabi! Huyo paka au bwana harusi? Hebu n'ambie, ulishaona paka kainjika chungu jikoni?"

Nikamweleza habari za mbwa wa baba yangu, na kwamba kibichi kitamfanya mwizi, na kwamba nawaogopea vifaranga wake yeye.

"Mwizi ni mwenye njaa," akasema. "Na huyo wako ana njaa, japo tumbo limejaa. Meno ya paka umeyatazama? Hayana hata moja la kutafunia wali. Kwetu Tumbe samaki wanashushwa pwani, paka wanakula palepale, kichwa na utumbo, kibichi. Nenda ukatazame choo chao. Huoni kitu! Mpe samaki mbichi, yakhe, umwache awe paka."

Nilitoka pale nimepona moyo. Na kwa sababu nilikuwa na siku saba tu, nikafanya kosa ambalo mtu wa haraka hulifanya. Mchuuzi wa Tumbe alipita na baiskeli yake. Nikachukua dagaa wabichi, nikachukua na utumbo wa samaki wakubwa, nikamwekea Makonyo sahani nzima. Alikula mpaka akayumba. Nilifurahi. Kabla ya adhuhuri alitapika. Jioni akaharisha zaidi kuliko siku zote, na safari hii kulikuwa na ute ndani yake, kama ute wa yai, na nikaona uzi wa damu.

Nikarudi kwa Bi Mize nimekasirika. Nilimwambia amemuua paka wangu.

Hakukasirika yeye. "Ulimpa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Baba Mwanaidi, wewe Ramadhani wafuturu kwa nini?"

"Kwa tende."

"Mbona hufuturu kwa ng'ombe mzima? Ntu tumbo lake limepumzika, hulishtui. Na hilo tumbo la paka limesahau kazi yake, mwezi mzima sasa lapigana na mchele. Mpe tende kwanza."

Tende ya paka, basi, ilikuwa kipande cha samaki mbichi kama ncha ya kidole changu. Siku iliyofuata, siku ya tatu katika zile saba, nilimpa kipande hicho pamoja na wali, lakini wali mweupe bila tui wala chumvi. Siku ya nne samaki akaongezeka, wali ukapungua. Choo kikawa kizito kama uji. Bado kilinuka, lakini sasa kilikuwa na umbo, na nilipokiona nilisimama pale nyuma ya mgomba kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Siku ya tano hapakuwa na wali tena. Nikaona nimeshinda, nikazidisha: Bi Mize alichinja kuku, nikaomba shingo na vidole vya miguu, mifupa mitupu, nikampa vyote vibichi. Aliivunja mifupa ile kwa meno ya pembeni, kra, kra, na wewe ukainua uso ukasikiliza.

Siku ya sita hakuenda. Alijaribu. Alikwenda mgombani mara tatu, akakaa, akajikaza, akarudi. Kilichotoka jioni kilikuwa kidogo, cheupe, kikavu kama chokaa, ukikigusa kwa kijiti kinavunjika unga. Nikajua, mfupa umezidi. Nikampa samaki laini asiye na miba mikubwa, na kipande kidogo cha ini la yule kuku. Kidogo, kwa sababu mchuuzi alikuwa ameniambia kwamba ini likizidi choo hugeuka cheusi na kulegea. Unaona, katika siku sita nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kuulizana habari za choo na mtu wa baiskeli, njiani, bila kuona haya.

Siku ya saba ilikuwa siku ya kuchambua. Watu walikuwa wamekaa kwa safu kuzunguka majamvi. Karafuu zilikuwa zimekauka kabisa, zile za kuvunjika kwa sauti ukizibana kwa vidole. Nokoa anapita na bakora yake nyuma ya watu. Nilikuwa nimemfungia Makonyo ndani. Lakini mlango ule wa makuti unaujua. Nilimwona akitoka, anatembea taratibu, mkia juu, anapita katikati ya watu kama mwenye shamba. Akapanda jamvi la katikati. Akafukua. Akakaa.

Mimi niliona lile kanda, niliona mikoko, niliona maji. Makonyo alimaliza, akageuka, akanusa, akafunika kwa karafuu tatu nne, akaondoka.

Nokoa akaanza kuja. Ndipo wewe, uliyekuwa nyuma yangu, ukapita. Ulichuma kipande cha jani la mgomba, ukapanda jamvi, ukafukua kwa vidole viwili ukakiokota. Ulikwenda ukasimama mbele ya nokoa, kichwa chako kilifika kwenye mkanda wake, ukanyanyua lile jani. Ukasema:

"Hakinuki."

Mwanaidi, ilikuwa siku ya arubaini na moja tangu mama yako azikwe. Hilo lilikuwa neno lako la kwanza.

Nokoa alikutazama. Ukasema tena, "Nusa."

Watu wote wakainama kuficha vicheko. Na yule mzee wa watu, wallahi, akainama akanusa. Akakitazama. Kilikuwa kidogo kama kidole chako cha mwisho, kigumu, rangi ya kahawia iliyoiva, na kama asingejua angekitupa pamoja na makonyo. Akapanda jamvi, akapapasa mahali pale kwa kiganja. Hapakuwa na alama. Hapakuwa na unyevu.

"Karafuu zanuka kuliko hiki," akasema. Kisha akawageukia watu, kama anatoa hukumu: "Kikavu juu ya kikavu hakinajisi. Tupeni zile zilizomfunika, basi." Na kwangu: "Mnyamwezi, mfanyie sanduku la mchanga. Akirudi hapa, nakutia wewe kandani."

Tangu siku ile, mwanangu, nimefanya kazi nyingi na nimeona mambo. Nimeona meli kubwa, nimeona karafuu zinachanua mlima mzima mpaka hewa inakuwa tamu. Sijashangaa kama nilivyoshangaa kwa kile kilichokuwa juu ya jani la mgomba. Nilikuwa nikilala nikikifikiria. Paka yuleyule, tumbo lilelile. Alipokula bakuli la wali alitoa bakuli la uchafu, na bado akawa na njaa. Alipokula samaki mbichi na mfupa wake kidogo, alitoa kitu cha kidole kimoja, tena siku nyingine hatoi kabisa, anakwenda siku ya pili. Nikajiuliza, vingine vimekwenda wapi? Nikamtazama. Vimekwenda kwenye manyoya, yalikuwa yanang'aa. Vimekwenda machoni. Vimekwenda kwenye ule mgongo uliokuwa unainuka ukiupitishia mkono.

Nikawaza kwamba ndani mle, penye giza, pasipo taa wala msimamizi, yuko mchambuzi. Amekaa kama sisi tulivyokaa kwenye jamvi. Kila kinachopita anakishika, anatenga karafuu upande huu, makonyo upande ule, wala hakosei, wala hachoki, hata mwenye tumbo akiwa amelala. Ukimpa kile alichoumbiwa kukichambua, anatunza karibu chote, na anachokitupa ni kidogo na kikavu. Ukimpa kile unachokipenda wewe, anakutupia chote mlangoni. Nani alimfundisha? Makonyo hakupita chuo. Subhanallah, nilisema, na mpaka leo nasema, kila asubuhi, nikiwa nimechutama mbele ya sanduku la mchanga kama mtu anayesoma barua. Wenzangu walinicheka mpaka wakazoea. Choo, mwanangu, hakijui adabu na hakijui uongo. Mdomo unajua vyote viwili.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa.

Tulikuambia mama yako alikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyesema hivyo kwanza, na wengine wakafuata. Nilisema homa kwa sababu homa ina heshima. Mama yako alikufa kwa tumbo. Aliharisha, tena damu, siku nne. Nilimwona akienda kichakani na kata ya maji, akirudi, akienda tena. Nilimwuliza, "U mzima?" Akasema, "Mimi mzima." Kesho yake nikauliza, akasema, "Mimi mzima." Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani, nikauliza, na yeye akasema vilevile, akacheka kidogo. Nilikuwa mumewe. Tulilala kitanda kimoja miaka kumi. Na neno lile moja, choo chako kikoje, halikupita kwenye mdomo wangu. Niliona haya. Yeye aliona haya. Nami nikampikia uji mzito wa nazi, nikamlazimisha anywe, apate nguvu. Kila alipokunywa alizidi kwenda.

Siku ya nne niliona nguo yake. Tukamlaza kitandani, watu wanne wa kambi yetu ya shambani tukakibeba kitanda mabegani kwenda Wete kwa daktari. Hatukufika. Ni njiani aliponiambia habari zako na za paka.

Siku arubaini baadaye nilikuwa nikikitazama choo cha paka wake asubuhi, mchana na jioni, nakigeuza kwa kijiti, naomba shauri kwa jirani, nauliza mpaka mchuuzi. Kwa paka sikuona haya. Nilijifunza kutazama, Mwanaidi, lakini nilijifunza nikiwa nimechelewa kwa siku arubaini.

Ndiyo sababu nilikukatalia. Si uchafu wa watu niliouogopa. Niliogopa kwamba kule watakufundisha, na siku moja, umekaa darasani, utaziweka dalili moja baada ya moja, macho, uji, safari za kichakani ulizoziona wewe mwenyewe kwa macho ya mtoto, nawe utajua. Utajua kwamba alihitaji mtu wa kumwuliza, na mtu huyo alikuwa amelala kando yake.

Na ndiyo sababu nilikubali. Mwezi ule uliokaa umenuna, nilikuwa nikikupikia vile vitu unavyovipenda, nawe hukuli. Asubuhi moja nilikuwa namkatia Makonyo samaki. Siku hizi meno yake ya pembeni yamekwisha, kwa hiyo namkatia kwa kisu, vipande vidogo sana, vibichi vilevile. Sijamrudishia wali, najua kitakachotokea. Nikakitazama kisu kile nikajicheka. Paka nimejua kumpa kilicho chake. Na wewe nakuwekea wali wa nazi, nangoja uote manyoya.

Nikamwendea mwalimu mchana huohuo, na viganja vyangu vinanuka samaki.

Nilipokuja Pemba nilikuwa na umri kama wako. Mama yangu hakujua kusoma. Nilikuwa nikimwandikia kwa mkono wa watu, na aliyepokea alimsomea. Miaka mitatu niliugua safura, damu ikinipungua, nilikuwa naona nyota nikiinua gunia, na kila barua ilisema mimi mzima, sina shaka ila juu yenu. Alikufa anaamini hivyo. Baadaye ndugu yangu alinipa habari kwamba alikuwa akizisikiliza barua zile mpaka mwisho, kisha anauliza, "Hakusema kingine?"

Basi sikupi wosia mrefu. Utakaowahudumia watakuwa wanawake, wengi wao wenye haya, na wao na waume zao watakuambia wazima. Wewe ndiye uliyemwambia nokoa anuse. Sina la kukufundisha hapo.

La kwangu ni dogo. Nitakuandikia kila meli ikienda, kwa mkono huu huu. Mwanzo wa kila barua nitakuandikia choo cha Makonyo kilikuwaje wiki hiyo, kigumu au laini, cha rangi gani, na kama alikosa kwenda. Amezeeka, siku moja habari hiyo haitakuwa nzuri, na nitaiandika hivyohivyo. Kisha nitaandika cha kwangu. Ukipata barua yangu inayoanza kwa kusema sote wazima, ujue nimekuficha jambo, uombe ruhusa uje.

Na wewe ukiniandikia, mwanangu, usiniandikie kwamba u mzima tu. Neno hilo nililisikia siku tatu, nikaliamini.

Nakusikia unafungua lango. Naikunja.

Baba yako